Mama alitulea kwa vitumbua, wanangu hawajui hata kufagia: hii bidii inarithishwaje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 13 na wa kike 8, tunaishi Dodoma, nafanya kazi benki upande wa mikopo. Mama yangu alitulea wanne peke yake kwa kuuza vitumbua pale Tanga, baba alifariki mimi nikiwa darasa la pili. Saa kumi alfajiri tulikuwa tushaamka wote. Kila nilichonacho leo najua kimetoka kwenye lile jiko. Sasa wanangu hawashiki ufagio, wa kiume akimaliza kula anaacha sahani pale pale anamwita dada wa kazi aje atoe. Nikiwaambia habari za bibi yao wananiambia mama hiyo stori umeshasema. Mume wangu anasema tuwe tunawalipa elfu elfu kwa kila kazi. Mimi nafikiria likizo ya Juni niwapeleke Tanga kwa bibi wakaone maisha. Je, bidii inafundishwa au mtu anazaliwa nayo? Na huyu wa 13 nimeshachelewa?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole na mawazo. Nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja na kuna kitu umekiruka, umeeleza vizuri saa za kuamka na jiko na kila kitu lakini hujasema mama yako aliwafundisha vipi. Na nadhani hata nikikuuliza ni siku gani aliwakalisha chini akawaambia wanangu bidii ni hivi na hivi, utawaza weee na utakosa jibu, maana wazazi wa aina ile huo muda hawanao. Alikuwa na oda ya saa kumi na mbili asubuhi na mikono yake miwili. Alikuhitaji, basi. Wewe ulikuwa mtoto anayehitajika kwenye kazi, wanao ni watoto wanaopendwa, wanaolipiwa ada, wanaonunuliwa viatu, lakini nyumba yenu inaweza ikaenda mwaka mzima bila mkono wao hata mmoja na wao hilo wanalijua vizuri kuliko wewe. Karibu kila nitakachosema hapa kinatoka kwenye hilo.

Hebu turudi kidogo kwenye vitumbua vyenyewe. Vitumbua vya kuuza asubuhi vinaanza jana yake, mchele unachaguliwa mawe, unalowekwa, unasagwa, unatiwa nazi na iliki na hamira, mchanganyiko unaachwa uumuke. Mtoto wa miaka saba anaweza kuchagua mchele, na akichagua vibaya mteja ataling'ata jiwe na atarudi kusema. Wa miaka tisa anaweza kuangalia kama mchanganyiko umeumuka, na miezi ile ya baridi hauumuki haraka, kwahiyo anajifunza kusogeza sufuria karibu na jiko bila kuambiwa. Wa kumi na moja anapeleka oda na anarudi na chenji, na ikipungua mia mbili hesabu ya jioni haifungi na kila mtu anajua nani alitumwa. Kila kipande kina mwenyewe, na kosa nalo lina mwenyewe, wala hakuhitajika mtu wa kutoa maksi. Ndo maana leo ukikaa na faili la mteja halikuachii ulale mpaka hesabu zikae sawa, hukusoma hiyo chuoni.

Sasa swali lako, ya kuzaliwa au ya kufundishwa. Kuna sehemu mtu anazaliwa nayo, kila mwenye watoto wawili anajua, mmoja anahangaika na kifuniko cha chupa nusu saa mwingine anakuletea baada ya sekunde tano. Lakini kuna sehemu kubwa ya kuona, na inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 watafiti wa MIT kule Marekani, Julia Leonard na wenzake, walitoa kwenye jarida la Science utafiti wa watoto wa miezi 15, yaani wengine ndo wanajifunza kutembea. Kundi moja likamwangalia mtu mzima anahangaika kutoa midoli kwenye chombo, anajaribu hivi anajaribu vile, mwisho anafanikiwa. Kundi lingine likamwona anaitoa chap bila shida. Baadaye watoto wakapewa kidude cha muziki chenye kitufe kikubwa ambacho kikibonyezwa hakifanyi kitu, na wale waliomwona mtu mzima akihangaika walibonyeza mara nyingi zaidi kabla ya kukata tamaa. Na ilikuwa na nguvu zaidi pale mtu mzima alipomwangalia mtoto usoni na kumwita jina lake.

Angalia hapo mtoto alipewa kuona nini. Aliona kuhangaika na pia akaona kufanikiwa, vyote viwili, mbele ya macho yake. Wewe mama yako ulimwona akipuliza mkaa uliolowa mpaka ukashika, ulimwona siku mafuta yamepanda bei anakaa anapiga hesabu upya. Wanao wanaona nini kwenye kazi yako? Wanaona mama anatoka saa moja asubuhi kavaa vizuri, anarudi jioni amechoka, anavua viatu, anashika simu. Bidii yako yote iko ndani ya kompyuta ya ofisi ambayo hawajawahi kuiona. Kinachofika nyumbani ni uchovu, na malalamiko pia, maana wengi wetu tukifika tunaanza bosi hivi bosi vile, sijui kama mwakani tutakuwepo. Mwaka 1998 Julian Barling na wenzake wa Canada waliangalia wanafunzi wa chuo na kazi za wazazi wao, wakakuta kwamba mtoto akiona kazi ya mzazi wake haina uhakika, hata imani yake mwenyewe kuhusu kazi inalegea. Sisemi ufiche shida. Ila mtoto anayesikia malalamiko tu miaka kumi na tatu mfululizo anachukua somo moja, kwamba kazi ni kitu kibaya kinachomchukua mama.

Kwahiyo la kwanza na halina gharama, anza kuwasimulia kazi yako, ya kwako, ya wiki hii. Hizo za bibi watoto wameshazisikia na kusema kweli dada yangu zikisimuliwa na wewe zinakuja na lawama ndani yake, mtoto anasikia "sisi tuliteseka nyie mnadeka", lazima azime masikio. Mwambie leo kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, jina usitaje, hesabu zake za mauzo hazikubaliani na za benki, nimerudia mpaka nikakuta mwezi mmoja umeandikwa mara mbili. Huyo wa 13 anaweza akakuuliza sasa ukamfanyaje. Hapo ndo unataka afike. Na ukiwa na shughuli ya kufanyia nyumbani, usijifungie chumbani, kaa nayo mezani pale wanapofanyia homuweki, wakuone unafuta, unaanza tena, unapiga miayo unamaliza.

La pili ni gumu na nitalisema wazi hata kama litauma, ni habari ya dada wa kazi. Sina shida na wewe kuwa na dada, unafanya kazi ya kutwa na mumeo pia, bila msaidizi nyumba haiendi. Tatizo ni kile watoto wanachojifunza kuhusu kazi wakimwangalia yeye. Kwenye nyumba yenu mtu anayefanya kazi nyingi kuliko wote, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ndiye mwenye heshima ndogo kuliko wote. Anaitwa kwa sauti, anakula baadaye, hakai kwenye kochi. Unaweza ukahubiri bidii mpaka sauti ikukauke lakini mtoto anaangalia hiyo picha na anafanya hesabu yake, mwenye bidii ndo huyu anayetumwa, mwenye heshima ndo yule anayetuma. Mwanao akiacha sahani na kumwita dada, sidhani kama ni uvivu. Anafanya kile alichokielewa kwamba mtu wa nafasi yake anafanya. Mama yako alikuwa mchapakazi na hapo hapo ndiye mkubwa wa nyumba, ukubwa na kazi vilikaa kwa mtu mmoja, mbele ya wanao vimetenganishwa.

Kwahiyo kabla hujawapa watoto ufagio, badilisha hilo. Dada anaombwa, anaambiwa asante, anakula mezani, na watoto hawana mamlaka ya kumtuma, kabisa. Mtoto akitaka maji, jikoni anapajua. Kaa na dada faragha umwambie kwamba sahani ya kijana ikibaki mezani asiiguse hata ikikaa mpaka kesho, na umhakikishie hutamgombeza kwa hilo, maana wasichana wengi wanaogopa mama akirudi akute uchafu. Alafu baba naye. Mtoto wa kiume wa miaka 13 anamwangalia baba yake kuliko anavyokuangalia wewe, na kama baba hajawahi kuonekana na sahani mkononi basi hotuba zetu zote hapa ni bure. Mwambie mumeo badala ya kutoa hiyo elfu elfu Jumamosi aoshe gari lake mwenyewe na kijana, na jioni aoshe vyombo, bila kutangaza.

Na kuhusu hizo elfu. Mimi siungi mkono kulipa kazi za nyumbani na nina sababu. Felix Warneken na Michael Tomasello, walikuwa Leipzig kule Ujerumani, mwaka 2006 walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 tu wanamsaidia mtu mgeni bila kuombwa, mtu akidondosha kitu anakiokota anampa, mtu akiwa na mikono imejaa anamfungulia kabati. Mwaka 2008 wakaenda mbele kidogo na watoto wa miezi 20, wengine wakawa wanapewa zawadi kila wakisaidia. Zawadi zilipokatwa, hao waliozoea kupewa walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa chochote. Elfu yako itafanya kazi wiki mbili tatu, alafu utaambiwa leo sina shida ya hela. Mtu ambaye hana shida ya hela utamwambia nini. Pesa ina nafasi yake, nitaigusa huko mbele kwenye habari ya kuku, lakini sahani aliyoitumia mwenyewe haina mshahara.

Huo utafiti wa miezi 18 una jambo lingine. Nina uhakika binti yako alipokuwa na miaka miwili alikuwa anang'ang'ania ufagio, watoto wote hufanya hivyo, na kuna mtu alimwambia toka hapo utajichafua, akapewa katuni. Tunawakataza wakiwa wanataka, tunawalazimisha wakiwa hawataki tena. Kuna watafiti waliofanya kazi Mexico, Guadalajara, na Barbara Rogoff yuko kati yao, mwaka 2014 wakaandika walivyolinganisha familia zenye asili ya wenyeji wa kule na familia za mjini za wasomi. Watoto wa familia za asili, wa miaka sita hadi nane, walikuwa wanafanya kazi za nyumbani kwa kujianzishia wenyewe, anaona vyombo vichafu anaosha, hata kumwangalia mdogo wake. Wale wa familia za wasomi wengi walikuwa wanasubiri kuambiwa, na hata wakiambiwa walifanya kidogo, wao ratiba yao ilijaa madarasa ya ziada. Nikisoma yale maelezo naona Dodoma, naona Mbezi ya Dar, naona Kileleshwa ya Nairobi. Binti yako wa miaka 8 bado yuko kwenye umri mzuri, akija jikoni akisema nikusaidie usimwambie kasome, mpe kitunguu. Atakuchelewesha, sawa, mchana wa Jumapili chelewa.

Alafu kuna hii ya zamani ambayo naipenda kwa sababu imetokea hapa jirani. Miaka ya 1950 kulifanyika utafiti mkubwa wa malezi sehemu sita za dunia, ukiongozwa na Beatrice na John Whiting, na sehemu moja ilikuwa Nyansongo, kwa Wakisii, Kenya. Sehemu nyingine zilikuwa India, Ufilipino, Mexico, Okinawa, na mji mdogo wa Marekani upande wa New England. Watoto wa Nyansongo walikuwa kati ya wanaojali wengine na kubeba majukumu kuliko wote, wa Marekani wao walikuwa juu kwenye kutafuta msaada na kutaka kuangaliwa. Na sababu iliyoonekana kubwa ni mzigo wa kazi wa mama. Mama wa Nyansongo alikuwa na shamba, lazima mtoto wa miaka sita abaki na mdogo wake, lazima mwingine aende kuni. Hakukuwa na mradi wa kufundisha uwajibikaji pale, kulikuwa na mtoto mchanga analia na mama yuko shambani. Ndo kile kile cha Tanga.

Kijana wako akikwambia jikoni ni kwa wasichana, kuna nyingine ya Carol Ember, ilitoka 1973, ya Wajaluo wa upande wa Nyanza. Kwenye baadhi ya nyumba hakukuwa na msichana wa umri wa kutumwa, basi mvulana akapewa kazi zinazohesabika za kike, kupika, kuteka maji, kulea mtoto. Wavulana hao tabia zao zilikuwa katikati ya wavulana wengine na wasichana, ubabe ulikuwa pungufu, na kujifikiria wao wenyewe pia. Kazi za ndani ya nyumba ndizo zilizombadilisha kijana zaidi kuliko zile za nje. 

Haya, sasa umpe nini, maana nyumba yako ina umeme na mashine ya kufulia na maji ya bomba, huwezi kumtuma kuni. Watu wengi hapa ndo wanapokosea, wanampa mtoto kazi ya maonyesho, tandika kitanda chako, panga viatu. Asipotandika kinatokea nini? Hakitokei kitu, mama anapiga kelele basi. Tafuta kazi ambayo isipofanywa nyumba inaumia, na baba pia anaumia. Nyie Dodoma maji mnayajua, siku ya mgao yakitoka saa nane za usiku au mchana kila mtu anakimbilia simtanki. Mpe kijana simtanki. Yeye ndiye anajua maji yapo kiasi gani, anafungua, anafunga, anajua ratiba ya mtaa, ndoo za akiba ni zake. Siku akisahau, na atasahau, usiokoe. Usiamke kimya kimya ukafungua koki. Nyumba nzima iende na maji ya ndoo moja, baba aoge kikombe, na mtu asimtukane wala asimcheke, mwambie tu simtanki ni lako, tunafanyaje leo? Akienda kuomba ndoo mbili kwa jirani kwa miguu yake mwenyewe, umemfundisha zaidi ya stori zote za bibi. LUKU pia inafaa, kuangalia uniti zimebaki ngapi na kusema kabla hazijaisha, na hii hata wa 8 anaweza, anapenda sana zile namba.

Alafu mlo mmoja kwa wiki uwe wa kwao kuanzia sokoni. Mpe kijana elfu kumi na tano, yeye na mdogo wake waamue Jumamosi tunakula nini, waende wakanunue, wapike, dada siku hiyo apumzike kabisa. Wiki ya kwanza wali utakuwa bokoboko. Mle. Usirudie kupika na usirudie kudeki pale walipodeki wakiwa wanakuona, hilo ni kosa ambalo akina mama wachapakazi tunalifanya kila siku, tunataka kitu kitoke sawa kwahiyo tunamwondoa mtoto, alafu tunalalamika kwamba hasaidii. Ukishindwa kabisa kuvumilia uchafu subiri walale.

Kuku ni kama mna nafasi na mtaa unaruhusu. Kuku ishirini wa mayai ni kazi kamili, chakula, maji, chanjo kwa tarehe, daftari la mayai. Hapo pesa inaingia vizuri kwa sababu inatoka kwa mteja. Mayai yakiuzwa, ikatolewa hela ya chakula cha kuku, kinachobaki wagawane na wajue kwamba wakiacha kuku bila maji siku mbili mayai yanapungua na hela inapungua. Ila usianze na kuku, anza na simtanki, kuku wakifa wote wiki ya pili kijana atakata tamaa na wewe pia.

Najua unajiuliza sasa simtanki na hesabu za darasani vinahusiana nini. Robert Eisenberger, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1992 aliandika kuhusu bidii ya kujifunza, kwamba mtu akizoea kwamba kuhangaika kunaleta kitu, ile hali yenyewe ya kuhangaika inapunguza uchungu, na anaihamisha kwenye kazi nyingine ambazo hazifanani kabisa. Neno la muhimu hapo ni kunaleta kitu. Kazi isiyo na mwisho, isiyo na shukrani, ya kuongezewa nyingine kila ukimaliza, inafundisha kinyume, inamfundisha mtoto kufanya polepole. Akimaliza lake mwache, hata kama amelala kwenye kochi saa tisa mchana na simu na wewe damu inakuchemka.

Hapo nikuulize, wewe unaweza kulala kwenye kochi saa tisa mchana? Sidhani. Watoto wengi wa mama ntilie na mama vitumbua ninaokaa nao wana hii shida, hawajui kupumzika, likizo inawapa homa, wakimwona mtu amekaa wanaona ametenda kosa. Mama yako alichapa kazi vile kwa sababu asingeuza msingekula, haikuwa falsafa. Ile saa kumi alfajiri ilikupa mengi na iliwanyima usingizi watoto wadogo wanaokwenda shule. Leo Sheria ya Mtoto ya 2009 huku Tanzania Bara inaruhusu mtoto kuajiriwa kuanzia miaka 14, tena kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kumzuia shule, na kumwajiri mtoto kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi hairuhusiwi. Inazungumzia ajira lakini mipaka yake ni mizuri hata kwa sisi wazazi nyumbani. Chukua kwa mama yako kumaliza, kuhesabu, kujianzishia. Ule woga uache Tanga.

Na Tanga yenyewe, wapeleke, ila sio kwa maneno hayo ya wakaone maisha. Ukisema hivyo umemgeuza bibi kuwa adhabu na kazi yake kuwa kituko cha kutazama. Tena nikuambie ukweli, bibi yule yule aliyekuamsha saa kumi atawaacha wajukuu walale mpaka saa nne na atawapelekea chai kitandani, nimeona mara nyingi mno, bibi sio yule mama. Mpigie kabla mkubaliane kazi moja tu. Kama bado anakaanga hata kidogo, wafanye naye kuanzia kuloweka mchele mpaka kuuza, wavigeuze wenyewe, waungue kidole, wakae na sahani barazani waone mtu anapita hanunui. Kama ameshaacha, mwambie awape watu wa kuwapelekea, oda ya harusi au hitma ya jirani, wapike kwa siku mbili. Na umwombe awasimulie hasara, sio ushindi, siku mchanganyiko ulichacha wote, mteja aliyekopa akahama mtaa, siku alipotaka kuacha kabisa. Zile ambazo wewe mwenyewe hukuwahi kuambiwa.

Kuhusu huyu wa 13, hujachelewa, ila kwake itakuwa kelele zaidi kuliko kwa mdogo wake. Tegemea mwezi mzima wa kuguna, wa "kwa nini mimi", wa kufanya vibaya makusudi ili umwondoe kazini. Usimwondoe. Usimpe hotuba pia, ukiona hotuba inakuja toka nje. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya kazi mbili za kweli, umri huo wanapenda kuchagua, na ukikosea kiasi punguza badala ya kufuta. Kitu kimoja tu nataka ukiangalie kwa makini kabla hujaanza yote haya, uhakikishe kwamba tunaongelea uvivu kweli. Kijana anayechoka bila sababu, halali vizuri, ameacha hata mpira aliokuwa anaupenda, maksi zimeshuka ghafla, amejitenga na wenzake, huyo anza naye hospitali, apimwe damu na macho, alafu akae na mshauri. Anaweza kuwa na upungufu wa damu, anaweza kuwa haoni ubaoni, anaweza kuwa anaonewa shuleni na hajasema. Kama yuko sawa, anakimbia na mpira mpaka magharibi na uchovu unamjia pale tu sahani inapotajwa, mkabidhi simtanki Jumamosi hii.